Aliyeteleza Akinyamaza

"Aliyeteleza akinyamaza, wa nyuma huanguka." Methali hii mmeisikia leo mkutanoni, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza ni ya wazee wa wapi. Si ya wazee wa popote. Imezaliwa katika kikundi chetu hiki hiki, nami nilikuwepo. Kaeni basi, nyie wenye haraka, na simu wekeni chini. Chanzo chake ni hiki.

Wakati huo programu yetu ya Kumbusha ilikuwa bado changa. Kazi yake ilikuwa ile ile mnayoijua: muuguzi anaandika kwenye simu tarehe za chanjo za mtoto, na siku ikikaribia mama anapata ujumbe. Ilikuwa programu huria kama ilivyo leo. Yeyote aliweza kuichukua bure, kuona ilivyoundwa, kuirekebisha na kuwapa wengine. Lakini warekebishaji wenyewe tulikuwa tumetawanyika, huyu Lushoto, yule Newala, mwingine Kigoma, na hakuna aliyejua mwenzake anahangaika na nini. Ndipo tukaamua kufungua blogu ya jumuiya, kila mtu aandike kazi yake na wengine wasome.

Mimi ndiye niliyepewa kuisimamia. Kuifungua hakukunisumbua. Kilichotusumbua ni kukubaliana kiandikwe nini. Mwalimu Zakaria Shekalaghe, aliyeianzisha Kumbusha na ambaye sote tulimheshimu kama baba, alitaka yaandikwe mambo yaliyokamilika tu.

"Blogu ni uso wetu," alisema. "Wafadhili wataisoma, wakubwa wataisoma. Nani hutoka nyumbani na masizi usoni?"

Nilisema blogu ya namna hiyo itakuwa ya kujisifu. Wenzangu wakaniona mkorofi, na mkorofi kweli nilikuwa, ila sikuwa nimekosea. Kanuni ikapita. Ikawa tunachapisha makala zinazong'aa tu, ukizisoma ungedhani kikundi kizima hakijawahi kuharibu hata nukta moja.

Newala alikuwepo binti mmoja mwenye bidii, Somoe Chilumba. Katika zahanati ya jirani yake mtandao ulikuwa ukikatika kila mvua zikianza, na muuguzi wa pale, Sista Esha, akamwomba aifanye Kumbusha ifanye kazi hata bila mtandao. Somoe akakubali. Kabla ya kuanza alifungua blogu yetu kutafuta kama kuna aliyewahi kujaribu jambo hilo. Hakuona kitu. Basi akapanga kila simu ihifadhi kumbukumbu zake yenyewe, halafu mtandao ukirudi izipeleke kwenye daftari kuu la zahanati huko mtandaoni. Alijaribu kwa simu yake, ikakubali vizuri, akafurahi na kuwapelekea zahanati.

Zahanati ilikuwa na simu mbili. Masika yalipokuja, mtandao ukakatika, ukarudi, na simu ya pili ikafuta yaliyoandikwa na ya kwanza. Tarehe za watoto zikapotea. Mama mmoja akapata ujumbe kwamba mwanawe hajachanjwa. Maskini ya Mungu akamfunga mtoto mgongoni, akakanyaga matope kutoka mbali, na alipofika kadi yake ikaonyesha kwamba chanjo ile mtoto alishapata. Alimtolea Sista Esha maneno mazito mbele ya foleni nzima.

Sista Esha akampigia Somoe. Alisema ataivumilia Kumbusha mpaka mkutano wetu wa mwaka. Asipopata maelezo ya kueleweka anaifuta, na atawaambia wauguzi wa wilaya nzima nao waifute.

Mkutano ulifanyika Lushoto, nyumbani kwa Mwalimu. Asubuhi ile ilikuwa imenyesha, na njia ya kupanda kwake ilikuwa udongo mwekundu mtupu. Huko kwao wana desturi: anayeteleza hupaza sauti, "Utelezi!", ili wanaomfuata wajue pa kukanyaga, na hakuna wa kumcheka. Mwalimu alitutangulia, akateleza, akakaa chini puu na suruali yake ya mkutano. Akapaza sauti kama desturi ilivyo. Sisi wengine tukapita pembeni, kwenye majani.

Tulipokwisha kukaa, Somoe alisimama.

"Kosa ni langu peke yangu," alisema. "Nimewaaibisha. Nikimaliza kusema haya naondoka kwenye kikundi. Naomba tu mnipe jibu la kumpelekea Sista Esha."

Kijana wa Kigoma, Ntahondi, akamwuliza kwa nini hakutafuta kwanza kama kuna aliyejaribu.

"Nilitafuta, kaka. Blogu nzima niliipitia. Sikuona aliyepita njia hiyo akaumia, nikajua ni salama."

Mwalimu Shekalaghe alivua miwani yake, akaishika mkononi.

"Nilipita mimi," alisema. "Mwaka jana. Nilipanga hivyo hivyo, simu zikafutiana hivyo hivyo. Nikaiweka kando."

"Na hukusema, Mwalimu?" Somoe akamwuliza.

"Niliona haya, mwanangu. Mwanzilishi mzima niandike kwamba nimeshindwa?"

Somoe hakupandisha sauti. Machozi yalikuwa yanamtoka, na maneno yake yalitoka polepole.

"Unisamehe, Mwalimu. Leo asubuhi umeanguka mbele yetu sote, ukapaza sauti, tukapita salama. Huku mbona ulijifuta matope kimya kimya, ukaniacha nije?"

Niliwahurumia wote wawili. Mtu mzima kuulizwa vile na binti wa umri wa mwanawe si jambo dogo.

Mwalimu hakujitetea, na hapo ndipo nilipomheshimu zaidi kuliko siku zote. Aliniomba kompyuta. Mbele yetu akaandika alichojaribu, mahali alipokwama, na alichodhani kiliharibika. Akasema makala ile iitwe Aliyeteleza Akinyamaza, Wa Nyuma Huanguka. Nikaichapisha bila kugusa hata mkato, kinyume cha kanuni yetu, na hakuna aliyenikataza.

Ntahondi alipoisoma ndipo akagundua tatizo lilipo. Yeye, Mwalimu na Somoe wakaketi pamoja, na kabla hatujashuka mlimani simu mbili zilikuwa zinaweza kukutana bila kufutiana.

Somoe hakumpelekea Sista Esha maelezo yake. Alimpelekea makala ya Mwalimu. Jibu likaja: "Mganga anayekwambia dawa ipi ilimshinda, huyo unaweza kumpa mwanao amtibu. Programu siifuti. Na wewe Somoe, njoo mwenyewe tumwombe radhi yule mama." Somoe akaenda. Kuondoka kwenye kikundi hakukutaja tena.

Ile kanuni ya yaliyokamilika tu tuliifuta siku hiyo hiyo, tukaweka hii mnayoilalamikia: kila mgeni anayejiunga na Kumbusha, makala yake ya kwanza kwenye blogu iwe ya jambo alilojaribu likamshinda. Najua mnaona haya. Najua kuna mmoja hapa amekwisha kuniandikia makala ya kujisifu kurasa nzima. Sitaichapisha. Karudi ukaandike ile nyingine, unayoificha, maana yuko mtu mahali fulani anaitafuta na muda wake ni mchache. Aliyeteleza akinyamaza, wa nyuma huanguka.