Nyumba Isiyo na Mlango Waliyoijenga Chembe Sahani

Siku ile tulikuwepo Bibi Nyamizi aliyekuwa mkunga, mama mkwe wangu Mbuke, wifi yangu Kabula, mimi, na mwanangu Sayi mgongoni. Tulikuwa tunakandika jiko la mama mkwe. Ghafla Kabula akaangusha ndoo ya udongo, akajikunja chini, ameshika tumbo.

"Haya, mwezi umefika!" mama mkwe akasema. "Huyu tukishika udongo tu, tumbo! Sisi hatukuwa na matumbo?"

"Mama, nakufa," Kabula akajibu.

Bibi Nyamizi alinawa mikono, akamlaza kichwa pajani pake. "Mbuke, acha kumsimanga mtoto. Humo tumboni mwake kuna wanaokandika kukuzidi wewe." Tukakaa, udongo ukitukaukia mikononi, naye akatusimulia.

Hapo mwanzo hedhi haikumuuma mwanamke yeyote. Ndani ya mji wa mimba waliishi mabinti walioitwa Tando. Kila mwezi walitandika kitanda laini wakimngojea mtoto. Mtoto asipokuja, walilia machozi ya damu, wakatoka wote kwa mlango wa mbele, na wadogo zao wakaanza kutandika upya.

Ndani ya damu namo waliishi mafundi wadogo sana, Chembe Sahani. Hao walikuwa na wema wa ajabu! Mtu akijikata kisu, wao ndio wa kwanza kufika. Walishikana mikono, wakaziba tundu, wakaita wenzao, wakakandika mpaka damu ikakoma. Desturi yao ilikuwa moja: penye damu hakuna hodi wala "wewe nani?" Kuuliza ni kuchelewa, na kuchelewa ni kuua.

Mwezi mmoja Tando walisongamana mlangoni. Mdogo wao wa mwisho akasukumwa nyuma, akateleza kwenye mrija wa uzazi, akaangukia uani, huko tumboni wanakokaa Utumbo na Kibofu. Alipojiona peke yake, akalia damu.

"Damu! Jamani, damu huku!" Chembe Sahani wakaja mbio, wanapigana vikumbo.

"Sijaumia," binti akasema. "Nimepotea tu. Nionyesheni njia."

Nani alimsikia? Kila mmoja alikuwa anamwita mwenzake! Walimzungushia ukuta pande zote, wakamwambia, "Tulia, mama, umeshapona." Wakamvutia hata vijishipa vya damu ili ale ashibe. Binti akapata nyumba nzuri, lakini haikuwa na mlango.

Mwezi uliofuata, ndugu zake walipolia kule ndani, naye akalia. Machozi yakakosa pa kutokea. Chembe Sahani wakaona damu, wakarudi kukandika. Mwezi baada ya mwezi ukuta ukanenepa, ukamgusa Utumbo, ukambana Kibofu.

"Niachieni nijinyooshe!" Utumbo akapiga kelele.

"Vumilia kidogo, kaka, tunamtibu mtu!"

Hapo mwanamke mwenye mwili ule akaanguka shambani, akalia kilio ambacho hakuna aliyewahi kukisikia kabla.

Na tangu siku hiyo wapo wanawake ambao mwezi ukifika hulala chini kwa maumivu. Si wavivu, hawadeki, wala hawakurogwa. Wana nyumba isiyo na mlango, na mafundi wao ni wema mno, hawajui kuacha.

Jamani, nilisimama wima na mtoto mgongoni! Miaka mitatu naishi na wifi yangu, na kumbe kilichokuwa kinamtesa kina kisa chake! Nilitaka nikimbie nimwambie kila mwanamke wa kijiji kile.

Mama mkwe akamsogelea Kabula, akamfuta jasho kwa upande wa khanga uliokuwa hauna udongo.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu darasa la saba, mama."

"Na mimi nakuita mvivu."

"Si ulikuwa hujui, mama."

Kesho yake walipanda basi la asubuhi, wawili, kwenda hospitali ya mkoa.