Konzi Moja ya Chumvi

Paukwa, wajukuu.

Pakawa, bibi.

Pakawa na zamani, kuku wakiwa na meno na wakubwa wakiwa hawana haya. Meno ya kuku yamekwenda. Haya ya wakubwa bado tunaingoja. Sogeeni.

Katika mji wa Kiwambale, chumvi yote ilikuwa ya Liwali. Ukiitaka, umwombe. Ukimwomba, njoo kesho. Mpagazi wa ghala lake aliitwa Shekuwe. Alibeba magunia, akabeba magunia, akabeba magunia, na nyumbani kwake chungu hakijui chumvi. Msicheke. Mnadhani anayejenga ghorofa ndiye anayelala ndani?

Siku moja mkewe, Mwanatumu, alionja mboga akasema, "Mume wangu, mchicha huu haukupungukiwa na kitu, ila chumvi kidogo."

Mzaha tu, jamani. Lakini Shekuwe alimpenda mke huyo mpaka akawa hasikii mzaha. Kesho yake akafunga chumvi kwenye upindo wa shuka yake. Konzi moja. Langoni walinzi wakaifungua.

Kesi ilikwenda fasta. Shahidi alikuwa karani wa ghala, ambaye magunia yalimpotelea kila mwezi na hakuna aliyemuuliza. Vyeti hana, hesabu hajui, lakini dada yake kaolewa na Liwali. Mnaiona kwalifikesheni hiyo?

"Karani," Liwali akauliza, "mwizi huyu tumpe miaka mingapi ng'ambo?"

"Kumi na tisa, bosi." Kwa kuwa hesabu yake iliishia hapo.

Ufukweni Mwanatumu akamshika mkono. "Ulimi wangu ndio umekupeleka."

"Nyamaza wewe. Mkono ulikuwa wangu."

Wakamvusha bahari siku saba, na saba nyingine, wakamshusha Kisiwa Cheupe. Kazi yake? Kukwangua chumvi. Ndiyo, nyie. Kaiba konzi, wakampa kisiwa kizima. Chumvi kwenye uji. Chumvi kwenye vidonda. Chumvi machoni, akilia inazidi. Mwaka wa kumi akasahau sura ya mkewe; mchicha hakuusahau.

"Mzee wa mchicha," wafungwa wenzake wakimchokoza, "saa hizi mkeo anampikia mwingine."

Yeye akazidi kukwangua. Hilo lilimuuma kuliko vidonda: huenda wanasema kweli.

Miaka ikatimia, akarudishwa. Mvi tupu, midomo imepasuka. Akafika mlangoni kwake akaogopa kutaja jina. Akapiga hodi kama mgeni, maana Kiwambale mgeni haulizwi jina mpaka ale. Alijiambia: nitakula, nitatazama kama kuna viatu vya mwanamume, vikiwapo, nitashukuru niende zangu.

"Karibu, baba," akasema Mwanatumu, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Akampakulia. "Utanisamehe, chakula cha humu ni chapwa."

"Chumvi bado ni adimu?"

"Aa, siku hizi imejaa sokoni, Liwali yule alishakufa. Ni mimi tu siitii chunguni. Kuna mtu aliondoka kwa sababu ya ulimi wangu. Nikaapa ulimi huu hautaionja mpaka arudi. Majirani wananiita kichaa. Kula, baba, kitapoa."

Akamega tonge, akachovya mchicha, akatia kinywani. Wajukuu, miaka kumi na tisa hakuna kilichopita koo lile bila kuliunguza. Tonge likateremka polepole, kama maji ya mtungini.

"Mwanatumu," akasema, "mchicha huu haukupungukiwa na kitu."

Upawa ukamponyoka. Akamsogelea, akampapasa uso, paji, pua, midomo ile iliyopasuka, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka.

"Umechelewa, Shekuwe. Mboga imepoa."

"Naipenda hivyo hivyo."

"Nikakuombee chumvi kwa jirani? Nadhiri imekwisha."

"Mke wangu, neno hilo usinitajie tena."

Wakacheka, wakacheka, mpaka machozi yakadondokea sahanini. Na hiyo ndiyo chumvi waliyoila siku ile.

Basi nyie mtakaosoma mkawa mahakimu, mkibahatika kuwa na shemeji: kabla hamjafungua upindo wa mtu, funueni chungu chake kwanza.

Kisa kimefika jikoni, kimeketi. Kikiwakolea, kuleni nyote; kikiwa chapwa, ulimi ni wangu.