Magoti ya Nani?

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika wachache. Na mama waitike, na baba wale wa kule nyuma. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tumefika wote.

Hapo zamani za kale palikuwa na mto. Upande huu wa mto kiangazi kilikuwa kimemaliza majani yote. Vumbi tupu. Upande wa pili majani yalikuwa mabichi, marefu, yanacheza na upepo, fyuu, fyuu. Wanyama wakiyatazama walimeza mate. Glu!

Wazazi wakasema, "Watoto wafundishwe kuvuka." Wakafungua shule. Wakamtafuta mwalimu. Wakampata Korongo.

Korongo alikuwa na miguu mirefu kama mianzi. Asubuhi alivuka kwenda, jioni alivuka kurudi, wala tumbo lake halikuwahi kulowa. Wazazi wakasema, "Huyu ndiye. Nani anaujua mto kuliko yeye?"

Shule ilianzia chekechea ikaishia chuo. Watoto wa chekechea walifundishwa wimbo:

Inua mguu, tia mguu,
Maji yanafika magotini!

Wa darasa la saba walifundishwa wimbo huohuo, kwa sauti kubwa zaidi. Na wa chuo? Wa chuo waliuimba huohuo wakiwa wamefumba macho. Hao ndio walioitwa wasomi.

Kila somo lilipokwisha, Mwalimu Korongo alinyoosha shingo.

"Tumeelewa?"

"Ndiyooo, mwalimuuu!"

"Tumeelewa, hatujaelewa?"

"Tumeelewaaa!"

"Jipigieni makofi."

Pa pa pa! Pa pa pa! Pa!

Siku moja makofi yalikwisha, mkono mmoja ukabaki juu. Mkono wenyewe mfupi. Alikuwa Pimbi, mtoto wa darasa la kwanza, mnene, mdogo, hana hata mkia.

"Mwalimu, mimi sijaelewa."

Darasa zima likageuka. Neno hilo halikuwahi kusikika pale. Digidigi, aliyekaa naye dawati moja, akajisogeza pembeni asije akaambukizwa.

"Hujaelewa nini?" akauliza Korongo.

"Maji yanafika magotini?"

"Ndiyo. Magotini."

"Magoti ya nani?"

Lo! Watoto walicheka. Kwi kwi kwi! Ngiri, msomi wa chuo, alicheka mpaka akaanguka, meno yake marefu yakazama ardhini, ikabidi wenzake wamchomoe. Vuta! Vuta! Pwa!

"Eti magoti ya nani!" akasema Ngiri akijipangusa udongo. "Goti si goti tu, we mtoto!"

Korongo hakucheka. Alikunja uso. "Pimbi, rudi chekechea. Na sikilizeni wote. Siku ya mtihani, asiyeimba wimbo huu bila kusita havuki. Atabaki huku na vumbi lake."

Pimbi akaenda nyumbani, kichwa chini. Mama yake alikuwa akitafuna mizizi mikavu, kru, kru. Akasimuliwa yote.

"Mwanangu," akasema Mama Pimbi, "kwani 'ndiyo' ina uzito gani? Si useme tu kama wenzio?"

"Mama, nikisema ndiyo, maji yatapungua?"

Mama Pimbi akaacha kutafuna. Kisha akasema taratibu, "Na ukiachwa huku, utakula nini?"

Hapo Pimbi akaogopa kweli. Majani yamekwisha. Hata mizizi inakwisha. Akajitahidi kuimba. Inua mguu, tia mguu... Lakini kila akifika kwenye magoti, aliyatazama ya kwake. Yako hapo chini, karibu na ardhi kabisa. Wimbo ukaishia hapo.

Siku ya mtihani ikafika. Wazazi walijipanga kando ya mto. Vigelegele! Kina mama wanacheza kwa furaha. Watoto wakaimba mmoja mmoja. Digidigi akafaulu. Ngiri akafaulu, tena akaongeza na madoido. Ikafika zamu ya Pimbi.

"Inua mguu, tia mguu, maji yanafika... mwalimu, magoti ya nani?"

"Umeshindwa! Kaa pale."

Pimbi akakaa pale. Mama yake akainama asionekane analia.

"Wasomi mbele!" akaamuru Korongo. "Vukeni!"

Ngiri akafumba macho. Akainua mguu. Akatia mguu. Chubwi!

Ngiri hayupo.

Digidigi hakutaka kupitwa. Naye akainua, akatia. Chubwi! Yakabaki masikio mawili juu ya maji. Na bado wanaimba! "Maji yana... blu blu... yanafika... blu... magoti... blu blu blu!"

"Wimbo wameushika hasa!" akasema Mama Ngiri kwa fahari. Halafu akatazama vizuri. "Uwii! Mwalimu! Mwanangu anaumaliza mto kwa kuunywa!"

Korongo akakimbia majini, tapa tapa tapa. Akamvuta Digidigi kwa sikio. Akamvuta Ngiri kwa mkia. Akawabwaga ukingoni. Wakakohoa. Ngiri akatema maji, akatema matope, akatema na samaki mmoja mdogo aliyekuwa amepigwa na butwaa.

"Mwalimu gani wewe?" Mama Ngiri akafoka. "Mtoto amefika chuo, hatua moja tu imemshinda!"

"Watoto wenu ndio wazembe!" akajibu Korongo. Akarudi majini palepale, akasimama. "Tazameni wenyewe! Maji haya si yamefika magotini?"

Wakatazama. Kweli, yalikuwa magotini. Magotini kwa Korongo.

Pimbi akainuka pale alipokalishwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," akajibu Korongo. Hata mwenye hasira huitikia salamu.

"Nakuomba upige magoti."

"Mimi? Nipige magoti mbele ya wanafunzi wangu?"

"Hapohapo ulipo, mwalimu."

"Pimbi!" mama yake akamkemea. "Unasema na mwalimu!"

Korongo akataka kukasirika. Lakini nyuma yake Ngiri alikohoa, koho koho, akatema maji mengine. Korongo akamtazama. Akaanza kukunja ile miguu. Ikakunjika kinyume, kama ilivyo miguu ya korongo. Akashuka. Akashuka. Akashuka mpaka akalingana na Pimbi. Maji yakapanda. Tumboni. Kifuani. Shingoni. Mdomoni. Blu blu blu!

Akaruka juu, manyoya yote yakichuruzika.

"Lahaula! Mto huu una kina kirefu hivi?" Akashusha pumzi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nimeelewa."

Watoto walitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza mwalimu kuelewa kitu. Digidigi akapaza sauti, "Jipigie makofi, mwalimu!"

Pa pa pa! Pa pa pa! Pa! Wazazi nao wakapiga. Korongo mwenyewe akacheka, mdomo ukagongana, kata kata kata!

"Nani mwingine hajaelewa?" akauliza.

Mikono ikainuka. Na kwato zikainuka. Wa chekechea, wa darasa la saba, wa chuo, wote. Mama Ngiri naye aliinua wake, kisha akajifanya anajikuna.

Basi Korongo akaingia mtoni, miguu ameikunja, akautembea mto kwa kimo cha mtoto. Huku anauliza, huku anajijibu. Hapa? Kidevuni. Hapa? Puani, blu! Hapa? Akaendelea mpaka mahali mto ulipojitandaza juu ya kokoto, mpana, wenye maji haba.

"Pimbi, njoo usimame wewe. Kimo chako ndicho kipimo chetu."

Pimbi akatia mguu. Mama yake akazuia pumzi. Pimbi akatia wa pili. Akacheka.

"Mwalimu, yananitekenya vidole tu!"

Wee! Hapo hakuna aliyesubiri kuitwa. Chwa chwa chwa chwa! Wafupi mbele, warefu nyuma, wanarushiana maji, wanaanguka, wanainuka, wanavuka. Wa kwanza kufika kwenye majani alikuwa Pimbi.

"Kula polepole, mwanangu," mama yake akasema alipomfikia. "Utapaliwa."

"Mmm," akajibu Pimbi. Mdomo ulikuwa umejaa.

Mafunzo ya hadithi hii ni haya. Mtoto ambaye hajaelewa aseme hajaelewa, na wenzake wasimcheke. Na mwalimu ashuke kwanza mpaka kimo cha mtoto, ndipo afundishe. Watoto kuitikia kwa pamoja bado si kuelewa.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeipenda akamsimulie mwenzake, na aliyesinzia tumbebe.