Ngozi Iliyojazwa Nyasi

Mtu mmoja alikuwa na ng'ombe mmoja na binti mmoja. Ng'ombe alitokana na ng'ombe wa mama yake mtu huyo, na binti alikuwa na jina la mama yake. Mama mwenyewe alikuwa amekufa zamani. Kwa hiyo mtu huyu alipotoka nje asubuhi na kuwatazama wawili hao, hakuwaona wao kwanza. Alimwona aliyekufa.

Aliitwa arap Metto, mfugaji wa huko Nandi, kwenye kilima ambacho upande mmoja ni majani chai na upande wa pili ni malisho. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu nawajua ninyi mnaonisikiliza: mkisimuliwa habari za mtu aliyekosea, mnaanza kumtafuta jirani wa kumvika kosa hilo. Arap Metto alihudhuria mazishi ya watu, alirekebisha ua wake kwa wakati, na hakuna aliyewahi kumwona akimpiga mnyama. Mkewe alifariki mapema, naye akamlea mtoto peke yake.

Kwenye kilima kile mtoto mchanga hapewi jina hivi hivi. Wanawake wazee humzunguka na kutaja marehemu wa ukoo mmoja baada ya mwingine, na jina atakalolipigia chafya ndilo lake. Husemwa kwamba marehemu huyo amerudi. Binti wa arap Metto alipiga chafya lilipotajwa jina la nyanya yake, Tapkurgoi. Wapo wanaosema kwamba mara nyingine chafya husaidiwa na ugoro kidogo kwenye ncha ya kidole. Mimi sikuwapo, siwezi kusema. Mama mzazi naye alimpa jina lake jingine, Jepkemei, kwa kuwa alizaliwa wakati wa kiangazi. Lakini mama huyo alikufa mtoto akiwa bado ananyonya, na jina lile likabaki kwenye daftari la shule. Nyumbani, baba alimwita Mama.

Alimwita hivyo kwa mapenzi, na mtoto aliitika. Lakini hakukuwa na jambo alilofanya ambalo halikupimwa kwa kipimo cha marehemu. Akichelewa kuamka, aliambiwa kwamba Tapkurgoi hakungoja jua limkute kitandani. Akicheka kwa sauti, aliambiwa Tapkurgoi alicheka kwa macho. Jioni msichana alipenda kulala chali kwenye majani akitazama zile taa ndogo zinazokatiza mbingu polepole, setilaiti alizofundishwa na mwalimu wake, na baba akamwambia, "Mama yangu hakuwa mtu wa kutazama juu. Alitazama ndoo."

Msichana alitaka kusomea mambo ya anga. Akasomea mifugo. Alifaulu vizuri, akaajiriwa katika taasisi moja mbali na kilima, kwenye maabara ambamo mnyama aliye bora hutengenezewa nakala yake. Baba hakuelewa kazi hiyo na hakutaka kuelezwa. Aliwaambia majirani kwamba mwanawe anachunga ng'ombe wa serikali.

Sasa nieleze jambo moja la wafugaji wa kule, maana ndilo linaloibeba hadithi. Ng'ombe akifiwa na ndama huzuia maziwa. Basi wazee huichuna ngozi ya ndama, huikausha, huijaza nyasi, kisha huisimamisha mbele ya mama yake wakati wa kukamua. Ng'ombe hunusa, hulamba, na maziwa hushuka. Arap Metto alikuwa fundi wa jambo hilo. Ng'ombe wake, Chelel, mweupe wote isipokuwa doa la kijivu chini ya sikio la kushoto, alifiwa na ndama wake wa kwanza, na arap Metto akamtengenezea ngozi iliyosimama vizuri kiasi kwamba hata binti yake, wakati huo akiwa darasa la tano, alishtuka alipoiona. Chelel aliilamba ngozi ile msimu mzima. Baba na mwana walimwonea huruma, na pia walimcheka kidogo.

Miaka ilipita. Chelel alizeeka, na siku moja akalala zizini asiinuke. Daktari wa mifugo alikuja, akamtazama, akanawa mikono. Arap Metto alikaa kwenye matope kando ya kichwa cha ng'ombe yule na kumwimbia wimbo wa kukamulia, wimbo wa mama yake, na Chelel akageuza sikio. Ndipo alipoikumbuka kazi ya binti yake. Kazi aliyoidharau kwa miaka sita aliihitaji kabla ya adhuhuri.

Binti alikuja na sanduku lenye barafu. Alimsalimu baba yake, akampapasa Chelel shingoni, kisha akasimama.

"Baba, nikifaulu, atakayezaliwa atakuwa mgeni," alisema. "Atafanana naye tu."

"Mama," alisema baba, "wewe mlete."

Binti akakata kipande cha ngozi ya sikio kisichozidi punje ya maharagwe, akakiweka kwenye barafu, akaondoka nacho. Chelel alikufa siku ya pili.

Hapa ndipo watu hunikatiza waniulize kama kitendo hicho ni dhambi. Subirini. Wenye haraka ya kuhukumu maabara mara nyingi wana jambo nyumbani ambalo hawataki liguswe.

Mara tatu jaribio liliharibika. Mara ya nne mimba ilishika katika tumbo la ng'ombe mwingine, na ndama jike akazaliwa, mweupe, mwenye doa la kijivu. Doa lilikuwa limeteremka kidogo kuelekea shingoni. Binti alimwonyesha baba yake, na baba akasema hata Chelel lake lilikuwa pale pale. Alimpokea ndama yule getini akiwa amevaa koti lake la kanisani. Akasimama mbele yake na kutaja jina, Chelel, Chelel, Chelel, hadi ndama akapiga chafya. Alikuwa ametoka kutia pua kwenye gunia la pumba, lakini arap Metto aligeuka akawaambia majirani, "Mmesikia wenyewe."

Ndama akawa mtamba, mtamba akazaa, na taabu ikaanza. Arap Metto alikwenda kumkamua kutoka upande wa kulia, kama alivyomkamua Chelel, akaimba wimbo wa mama yake. Ng'ombe akapiga teke. Kibuyu kikapasuka. Siku ya pili aliimba kwa sauti zaidi, na teke likampata gotini. Chelel wa zamani alikuwa akimfuata mtoni bila kamba; huyu aliufuata ua akitafuta tundu. Chelel alipenda watu. Huyu alipenda kuachwa. Kila jioni mzee alirudi na maziwa ya kujaza kikombe, na kila jioni alimweleza ng'ombe yule jinsi alivyokuwa zamani. Mwishowe akafanya kile ambacho kilima hakikuwahi kukiona. Alichukua fimbo akampiga.

Alimpiga kwa sababu ng'ombe yule hakuwa amerudi, na ng'ombe hakuwa ameahidi kurudi.

Siku zile zile binti alipata barua. Kulikuwa na kituo ng'ambo ya bahari kilichotaka kujua chembe hai za mifugo hukaaje zikipelekwa juu kabisa, nje ya hewa yetu, na walitafuta mtu aliyezoea kuzihifadhi. Ilikuwa anga na ilikuwa mifugo, vyote viwili kwenye karatasi moja. Aliisoma mara nyingi. Lakini mtu wa kule haondoki kwenda mbali bila baraka ya baba, na baraka hutolewa kwa maziwa ya nyumbani: mzazi huyaweka kinywani, akamtemea mwanawe kifuani. Akiondoka bila hayo, huwa amejiondoa mwenyewe katika ukoo, na watu hulitaja jambo hilo hata kwenye maziko yake. Akaenda nyumbani akiwa na barua mkobani na hofu ambayo hakuificha vizuri.

Baba aliisikiliza hadi mwisho. "Mama yangu hakuvuka mto," alisema. "Siku zote alikuwa hapa."

Binti aliumia, na hasira ilimpanda, kwa kuwa alikuwa ametumia ujana wake wote kukaa karibu na mzee huyu, naye mzee hakuwa ameliona hilo. Aliona tu kwamba Tapkurgoi anataka kuhama. Binti akatoka nje apumue. Zizini alimkuta ng'ombe mweupe amefungwa kwa kamba fupi, mgongo una mistari ya fimbo. Mwanamke jirani aliyekuwa akikata majani upande wa pili wa ua alimwambia kwamba mchinjaji ameitwa, atafika kesho asubuhi.

Binti alichukua ndoo. Hakuimba. Alizunguka kwenda upande wa kushoto, akasimama hapo kwa muda mkono ukiwa ubavuni mwa ng'ombe, bila kusema neno, kama unavyosimama na mgeni ambaye hujui lugha yake. Ng'ombe alitetemeka, kisha akatulia. Binti alichuchumaa. Baba yake, aliyekuwa amemfuata ili aendelee kumkatalia, alisikia sauti ya maziwa yakigonga bati la ndoo, kwanza kavu, halafu nzito. Ndoo ilijaa zaidi ya nusu.

"Umemfanya nini?" aliuliza mzee.

Binti aliinuka, akaiweka ndoo chini kati yao.

"Baba, Chelel alilamba ngozi ya mwanawe akidhani amerudi, nasi tukamcheka. Leo ni wewe unayelamba. Huyu si Chelel, na mimi si mama yako; sisi wote wawili tuko hai, hatukujazwa nyasi."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia arap Metto neno kama hilo. Majirani baadaye walisema kwamba kama wangelisema wao, wangepigwa. Mzee alitazama ndoo. Kisha alimtazama ng'ombe, akasogea, akaliangalia lile doa, na akaona kwamba kweli liliteremka hadi shingoni na halikuwahi kuwa pale pale. Alikaa juu ya jiwe la kunolea panga. Alilia, na hakujifunika uso.

"Basi huyu anaitwaje?" aliuliza.

"Bado hajapewa jina," alisema binti.

Asubuhi mchinjaji alifika, akapewa chai, akarudi alikotoka na kamba yake. Arap Metto alikuwa tayari ametoka zizini. Alikuwa amesimama upande wa kushoto, kimya, hadi goti likamuuma, na alikuwa amepata maziwa yasiyozidi vikombe viwili, kwa maana ng'ombe hasamehe kwa siku moja. Lakini vikombe viwili vinatosha kwa kazi aliyoyatakia. Alimwita binti yake aje mlangoni na mkoba wake. Akatia maziwa kinywani, akamtemea kifuani, akafuta ndevu. Wazee wawili walioalikwa kuwa mashahidi walingoja asikike akimtaja marehemu, kama ilivyo desturi ya kumkabidhi msafiri kwa yule aliyerudi duniani kupitia kwake. Akasema, "Nenda, Jepkemei."

Binti alikuwa na umri wa miaka thelathini na moja. Alisimama akiwa amechanganyikiwa kidogo, kama mtu aliyeitwa darasani, kisha akaitika.

Mliniuliza kama ni halali kutengeneza nakala ya kiumbe, kama watoto wetu wafuate kazi hizi mpya ambazo sisi hatujui hata kuzitaja, na kama kupanda mbinguni kwa vyombo ni elimu au ni kiburi. Wenye elimu waendelee kubishana; nitawasikiliza. Mimi naona hili tu: maabara ilimpa arap Metto nakala moja, na ilimwonya kabla ya kumpa. Nakala nyingine alikuwa ameitengeneza mwenyewe, nyumbani kwake, bila chombo chochote, kwa miaka thelathini na moja, na hakuna aliyemwonya.

Nyumbani kwako, ni nani anayekuitikia kila siku kwa jina la mtu mwingine?