Mamba Aliyeuza Vitumbua vya Picha

Hapo zamani za kale, ila si kale sana, maana wanyama walikuwa wameshajua kununua bando, aliishi Nguchiro, muuza vitumbua wa soko la Kichakani. Mnacheka? Chekeni, lakini masikio yawe huku.

Nguchiro alikuwa mdogo wa umbo, mwepesi wa miguu na wa akili. Usiku aliloweka mchele, alfajiri akausaga kwa tui na iliki, akauacha mpaka uumuke. Vitumbua vikiiva, alivipiga picha na kuiweka mtandaoni. Wala hakuficha kitu. Siku hamira ikigoma, aliandika: "Leo vimechelewa, jamani, nivumilieni." Siku moto ukizidi: "Vya leo vimeungua kidogo pembeni. Msije mkasema sikuwaambia."

Wateja wake hawakuwa wengi, lakini aliyekuja leo, kesho alirudi.

Basi akatokea Mamba, bwana mkubwa wa kando ya mto, mkia kama gogo na mdomo usiokwisha maneno. Akafungua hoteli. Kupika hajui, kuamka mapema hataki. Akafanyaje? Kila Nguchiro alipoweka picha, Mamba aliinyakua, chap! pamoja na maneno yake, akabadilisha jina tu. Kisha akawapa Kasuku mtama, nao wakajaza sifa chini ya picha.

"Vitamu hivyo! Nimekula mpaka nimelala!"

"Mamba juu! Juu! Juu!"

Wateja wakahamia kwa Mamba. Waliokula walinung'unika, lakini nani angewasikia kwa kelele za Kasuku?

Nguchiro akabaki anapepea moshi. Tegemeo lake likawa moja tu: harusi ya binti wa Mama Twiga. Akiipata kazi ile, jiko litaendelea kuwaka. Akiikosa, atalizima na kuondoka sokoni.

Akaenda, hodi hodi.

"Shikamoo, Mama Twiga."

"Marahaba, mwanangu. Vitumbua vya harusi? Umechelewa, nimeshamwambia Mamba. Hebu ona vilivyonona!" Akashusha shingo, akamwonyesha simu.

Nguchiro alipotazama, akaruka. "Mama! Sahani hiyo ni yangu! Hata ufa wake naujua!"

"Mh! Sahani zina mapacha, mwanangu. Na hawa wote wanaomsifu, ni waongo?"

Nguchiro akatoka mbio mpaka hotelini.

"Bwana Mamba, ondoa picha zangu!"

"Kwa! kwa! kwa!" Mamba akacheka mpaka mkia ukapiga maji, chubwi! "Kaa pembeni, katoto. Mtandaoni anasikika mwenye wafuasi. Wewe unao wangapi, hata ukiwahesabu na mchwa?" Akamsogezea simu usoni ili auone umati wake.

Nguchiro alikasirika mpaka masharubu yakasimama. Lakini kwenye simu ile akaona picha ya Mamba ya asubuhi, na chini yake imeandikwa: "Vya leo vimeungua kidogo pembeni. Msije mkasema sikuwaambia."

"Loo!" akawaza. "Huyu hata hasomi anachoiba!"

Akaaga kwa adabu, akaondoka. Jioni akaandika: "Ijumaa asubuhi nitapika uwanjani, mbele ya macho yenu. Kitumbua cha kwanza nitakula mwenyewe. Mwenye harusi aje na wakwe zake waonje; wasiporidhika, kazi wampe mwingine." Na kila neno alilikusudia.

Chap! Mamba akanyakua.

"Tutakuja! Tutakuja!" wakalipuka Kasuku.

Mama Twiga naye akamjibu Mamba palepale: "Hongera kwa kujiamini. Wakwe zangu wote nakuja nao."

Hapo ndipo Mamba alipoyasoma maneno aliyoyaweka. Lahaula! Afute? Atafutaje, na wakwe wa watu wameshaalikwa?

Ijumaa uwanja ukafurika. Nguchiro upande huu na chuma chake cheusi chenye vishimo, Mamba upande ule na chuma kipya kinachong'aa.

"Anza, Bwana Mamba!"

Mamba akamimina uji wa ngano aliokoroga muda uleule. Tsss! Ukalala, haukuinuka. Wakati wa kugeuza ulipofika, akashika mwiko.

"Mwiko!" akapiga kelele bibi mmoja wa upande wa bwana harusi. "Tangu lini kitumbua kikageuzwa kwa mwiko? Kijiti kiko wapi?"

Chwaa! Mafuta yakamrukia Mamba puani. "Uwiii!"

"Cha kwanza ule mwenyewe!" umati ukaimba. "Uliahidi! Uliahidi!"

Mamba akauma. Ka! "Jino langu!"

Mama Twiga akawageukia Kasuku. "Nanyi mliolala kwa shibe, mlivila lini?"

Kasuku wakatazamana. "Sisi? Sisi tulikula mtama tu."

Watu walicheka mpaka wakashikana mbavu. Mamba akatimua mbio kuelekea mtoni, na mkimwona leo amelala mdomo wazi, mjue jino bado linamuuma.

Ikawa zamu ya Nguchiro. Akamimina, akangoja, akageuza kwa kijiti, tik, tik. Kitumbua cha kwanza kikatoka kimepauka na kimepinda upande. Angeweza kukifukia chini ya vingine, nani angejua? Lakini alikiinua juu, wote wakakiona.

"Hiki hakikutoka vizuri," akasema. "Chuma kilikuwa hakijakolea moto. Cha kwanza huwa hivi, ndiyo maana nakila mimi." Akakila. Vilivyofuata vikainuka, vikanona, akawapa wakwe.

Mama Twiga akainama mpaka wakatazamana macho kwa macho.

"Mwanangu, ulinieleza ukweli nikaubeza, na leo nimeaibika mbele ya wakwe. Nisamehe. Lakini wewe unayeitaja kasoro yako mbele yao, siku ya harusi hutanificha kitu. Kazi ni yako."

"Ahsante, mama! Ila nikuonye mapema: mvua ikinyesha, kuni zangu hugoma, navyo vitachelewa."

"Vichelewe!" akasema yule bibi wa mwiko, mdomo umejaa kitumbua. "Tutangoja!"

Basi, wanangu, shikeni hili: sifa za kununua humleta mteja mara moja, ukweli ndio humrudisha.