Kamba ya Ipogolo

Pale Ipogolo, kwenye eneo la kuoshea magari, Kihwele muuza mbao hakuvumilia petroli isifiwe mbele yake. Kwa juma zima kigari cha petroli cha Atuganile kilikuwa kimekaa kwenye kivuli ambacho Kihwele alipenda kuegeshea dizeli lake, gari kubwa la mbao.

"Toa hiki kiberiti chako, binti. Kikiwa hapa jioni, vijana wangu watakisukumia mtoni."

"Kiberiti hiki kina nguvu kuliko mashine yako ya kusaga, bosi."

Waosha magari wakashangilia. Kihwele akavua koti.

"Tufunge kamba, nyuma kwa nyuma," Atuganile akasema. "Wewe vuta kupanda mjini, mimi nivute kushuka mtoni. Ukinifikisha gereji kwa Mgaya kule juu, kivuli ni chako milele."

Kamba ikafungwa. Atuganile akaingia, akakaza mikono kwenye usukani.

"Mbona sikisikii kikiwaka?" Kihwele akauliza.

"Petroli hainung'uniki kama dizeli. Vuta!"

Dizeli likanguruma, likatoa moshi mweusi, likapanda mlima na kigari nyuma yake, huku watu wakikimbia pembeni na kupiga miluzi. Langoni kwa Mgaya, Kihwele akashuka akicheka.

"Haya, sema mbele ya watu!"

"Dizeli linavuta, bosi. Nimekubali."

Atuganile akafungua boneti. Ndani zilining'inia waya tu.

"Fundi Mgaya," akaita, "ile injini uliyoishusha iko tayari? Gari lake limefika."