Moshi wa Nyota ya Nakijwa

Jana mlipokwenda matangani kwa mama Kiangi, mlisimama mlangoni mkamkodolea macho. Sikutaka kuwagombeza mbele za watu. Kaeni sasa niwaambie.

Enzi za mababu zetu, kila nyota ilikuwa jiko la nyumba moja huko juu, na hakuna jiko lililotoa moshi. Kisha msimu mmoja nyota nyekundu ya upande wa mlima ikavimba, ikanywea, na ukungu hafifu ukaizunguka. Senkondo, mtazama nyota wa kijiji, alikuwa mjuzi lakini mwepesi wa kuamua. Akatangaza kwamba huko juu kuna uzazi, nyumba mpya imewasha moto. Ngoma zikaandaliwa.

Tangazo hilo lilimuumiza bintiye, Nakijwa. Alikuwa ametoka kumzika mwanawe wa pekee, Mbonea, na desturi ya wakati ule ilikuwa kwamba uzazi ukitangazwa, matanga huondolewa na mfiwa huingia ngomani na wenzake. Nakijwa hakuwa tayari. Nani angekuwa tayari?

Ngoma zilipoanza, alisimama uwanjani akageuza uso baba yake asione machozi. Hapo, kwa pembe ya jicho, ule ukungu ukamtokea wazi kuliko siku zote: duara pana, na katikati kaa moja dogo, jeupe. Akautambua: ulikuwa moshi wa moto unaokufa. Nyumba yenye msiba haizimi moto, huuacha ufe wenyewe, na yeye alikuwa amekaa kando ya jiko lake akiutazama ukifa hivyohivyo.

"Baba," akasema, "usiikazie macho. Tazama pembeni yake."

Senkondo akatazama pembeni. Naye akauona.

"Moshi wa moto mpya huwa mzito, tena hubaki jikoni," akasema. "Huu unaondoka. Mwanangu, nimeupigia msiba ngoma."

Akazinyamazisha mwenyewe, akaketi chini ubavuni mwa bintiye. Nakijwa akalia mpaka akatosheka, wala hakuna aliyemhimiza anyamaze.

Na tangu siku hiyo nyota ile ina moshi wake, mwembamba mno, na ukiikodolea macho huuoni. Ndiyo maana sisi tukiingia kwa mfiwa hatumkazii macho. Tunaketi ubavuni mwake, tunatazama pembeni, tunamngoja.

Haya, inukeni twende. Moto wa mama Kiangi bado haujafa.